Swali, Mtu, Tangazo: Hotuba kwa Wazamivu wa Kanda ya Ziwa Juu ya Kutafuta Postidoki

Hotuba hii ilitolewa Mwanza mbele ya wahadhiri na watafiti waliomaliza, au wanaokaribia kumaliza, shahada ya uzamivu. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu maprofesa, shikamooni. Ndugu wahadhiri, watafiti wa afya, wa uvuvi, wa hisabati na fizikia, ninyi mliotoka Bugando, Malimbe na Nyegezi, na ninyi mliovuka kwa kivuko kutoka Ukerewe: itifaki imezingatiwa, karibuni.

Ni wangapi humu mmewahi kutuma maombi ya postidoki, yakaishia kimya? Inueni mikono. Naam. Na kati yenu, ni wangapi mlimwandikia mtu, kwa jina lake, kabla ya kujaza fomu? Mikono imepungua sana. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na leo tutakaa hapo hapo kwa muda mrefu.

Kwanza tuelewane. Postidoki ni kazi. Ni ajira ya muda, mara nyingi mwaka 1 hadi 3, ya mtu aliyekwisha kupata PhD, ndani ya maabara au kundi la mtafiti aliyemtangulia. Mwishoni hakuna joho, na mwanzoni hakuna ada. Unapimwa kwa makala ulizochapisha na ujuzi ulioongeza. Wengi wetu tunaitafuta kama tulivyotafuta ufadhili wa masomo: tunasubiri tangazo, tunaambatisha vyeti, tunangoja majina. Kwa shahada ya uzamili njia hiyo hufika. Kwa postidoki mara nyingi haifiki, na sababu ni jinsi nafasi zenyewe zinavyozaliwa.

Zinazaliwaje? Profesa ameandika andiko, amepata ruzuku ya miaka 4 au 5, na ndani ya bajeti kuna mshahara wa mtafiti mmoja. Ruzuku ina tarehe ya kwisha, kwa hiyo anahitaji mtu anayeweza kuanza kazi bila kufundishwa upya. Chuo kinamtaka atangaze, naye anatangaza kwa wiki chache. Wanaoomba ni wengi. Anaowajua kwa kazi zao ni wachache. Aina ya pili ya nafasi ni ile ambayo wewe mwenyewe unaomba fedha kwenye shirika, ukiwa tayari na mwenyeji aliyekubali kukupokea. Katika aina zote mbili kuna mtu katikati. Ndiyo maana ninasema: swali kwanza, mtu wa pili, tangazo la tatu. Swali, mtu, tangazo.

Tuanze na swali. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi hapa kwenye Ghuba ya Mwanza kuchunguza furu, samaki wetu wadogo ambao mvuvi wa Butimba huwatupa kwenye ndoo bila kuwatazama mara mbili. Katika miaka ya 1980 sangara wakaongezeka ghafla, na furu wa kina wakatoweka mbele ya macho ya watafiti wale. Inakadiriwa kuwa takriban aina 200 zilipotea ziwani. Wengine wangefunga mizigo. Wao walibadilisha swali. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba tatizo halikuwa sangara peke yake. Kuna furu wa miambani ambao dume la aina moja ni jekundu na la aina nyingine ni la bluu. Lile jekundu lina jina la kisayansi la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakitiwa tope na mwani, jike haoni rangi vizuri, mpaka kati ya aina mbili unafifia, na aina zinachanganyika. Swali hilo limeendelea kulea watafiti kwa miongo, Uswisi na Uholanzi, na sehemu kubwa ya data zake inatoka kwenye visiwa ambavyo baadhi yenu mnaviona mkiwa kivukoni.

Sasa jiulize: swali lako ni lipi? Wengi mkiulizwa mnajibu kwa mada. "Nafanya ubora wa maji." "Nafanya kichocho." Mada haiajiri mtu. Profesa wa Basel au wa Kyoto hatafuti mtu wa kichocho. Anatafuta mtu anayejua kwa nini vijiji viwili vilivyopewa dawa ile ile, mwaka ule ule, kimoja kimepungukiwa na maambukizi na kingine bado. Kaa na tasnifu yako, fungua sura ya mwisho, pale ulipoandika mapendekezo ya utafiti zaidi. Mara nyingi aya ile huandikwa kwa uchovu, usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi. Iandike upya kwa uzito wote: sentensi tatu. Jambo ambalo halijulikani. Kwa nini halijajulikana mpaka leo. Wewe una nini, iwe data, sampuli, mbinu au eneo la utafiti, kinachofanya lijulikane. Usipoweza kuziandika hizo tatu, bado hujafika wakati wa kuomba, hata kama matangazo ni mengi.

Kisha mtu. Chukua makala kumi za miaka mitatu iliyopita ambazo tasnifu yako isingesimama bila hizo. Kwenye biolojia, kemia na sayansi za afya, mkuu wa kundi mara nyingi ni jina la mwisho kwenye orodha ya waandishi. Kwenye hisabati majina hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo nafasi ya jina haikuambii kitu. Tazama kurasa za waandishi wenyewe. Shuka hadi sehemu ya shukrani, ile ambayo wengi hatuisomi. Pale panaandikwa nani alitoa fedha na namba ya ruzuku. Mashirika mengi ya Ulaya yana kanzidata za wazi: ukiingiza namba ile unaona ruzuku ilianza lini na inakwisha lini. Aliyepata ruzuku mpya mwaka huu ana nafasi ya mshahara. Ambaye ruzuku yake inakwisha miezi sita ijayo hana, hata akupende vipi; huyo mwombe awe mwenyeji wako kwenye ufadhili unaouomba wewe. Tazama pia waliopita kwenye maabara yake. Waliomaliza wako wapi sasa? Wamechapisha? Mwandikie mmoja wao umuulize kazi ilivyokuwa. Watu hujibu maswali hayo kwa ukweli kuliko tunavyodhani.

Halafu mwandikie mwenyewe. Naomba tulitazame hili kwa karibu, maana hapa ndipo tunapopoteza. Baruapepe ya kawaida inayotoka kwetu huanza "Mheshimiwa Profesa, natumaini barua hii itakukuta salama", inafuata aya ya wasifu, inafuata "nina hamu kubwa ya kujiunga na chuo chako chenye hadhi", na mwisho "nitakuwa tayari kufanya mada yoyote". Anayesoma anaona mambo mawili: imetumwa kwa watu hamsini, na mwandishi hana swali. Anaifuta.

Tuseme mzamivu wetu amechunguza konokono wa kichocho ufukweni Ukerewe na Magu, na profesa amechapisha mbinu ya kutambua konokono kwa vinasaba vilivyomo majini. Ataandika kwa Kiingereza, lakini umbo la barua ni hili:

"Profesa, katika makala yako ya mwaka jana mlichuja lita moja ya maji kwa kila kituo. Kwenye fukwe zetu za Ziwa Victoria, chujio la mikroni 0.45 huziba mapema sana kwa sababu ya tope na mwani, na uchafu unaobaki kwenye sampuli huzuia kipimo cha PCR kufanya kazi. Nina hesabu za konokono waliookotwa kwa mkono kila mwezi kwa miaka miwili katika fukwe hizo hizo, kwa hiyo mbinu yenu inaweza kulinganishwa na ukweli wa ufukweni. Nimemaliza PhD mwezi Machi. Ningependa kuomba ufadhili wa Septemba nikiwa na kundi lako kama mwenyeji. Je, unapokea wageni kwa mzunguko huu? Wasifu wa kurasa mbili na muhtasari wa ukurasa mmoja nimeviambatisha."

Mmeona? Hakuna sifa za chuo. Kuna tatizo la chujio. Mtu aliyewahi kuziba chujio atajibu barua hiyo hata kama ni kukataa, na atakapokataa mara nyingi atakutajia mwenzake. Mada ya barua iandikwe wazi: jina la ufadhili, mwaka, na maneno manne ya swali lako. Ambatisha faili moja la PDF lenye jina lako. Vyeti vya kidato cha nne viache nyumbani. Asipojibu, kumbushia mara moja baada ya wiki mbili, kisha nenda kwa mwingine. Na usiwaandikie watu watatu wa idara moja siku moja. Wanakula chakula cha mchana pamoja.

Sasa tangazo, na kalenda yake. Hapa fani zinatofautiana sana. Kwenye maabara za biolojia na kemia nafasi hutoka mwaka mzima, ruzuku kwa ruzuku. Za Ulaya zinakusanywa kwenye tovuti ya EURAXESS, za Uingereza kwenye jobs.ac.uk, na wa ikolojia na mageuko wana orodha ya matangazo iitwayo EvolDir. Wanahisabati wana msimu: maombi mengi hupita kwenye tovuti ya MathJobs, hufungwa kati ya Novemba na Januari, na kazi huanza Septemba inayofuata. Wanafizikia wa chembe hutazama tovuti ya INSPIRE. Wanaastronomia wana makubaliano kwamba mtu asilazimishwe kukubali nafasi kabla ya tarehe 15 Februari, ili aweze kusubiri majibu mengine. Mwana fani asiyejua hilo hukubali kwa hofu mwezi Desemba. Mwanahisabati anayeanza kutafuta mwezi Machi amechelewa kwa mwaka mzima. Jamani, mwaka mzima.

Kuhusu fedha unazoomba mwenyewe, ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya unapokea watu wa mataifa yote na fani zote, na kwa kawaida hufungwa Septemba. Ushindani umekuwa mkali: mwaka 2024 maombi yalikuwa 10,360, mwaka 2025 yakazidi 17,000. Lakini kinachowaangusha watu wetu mara nyingi ni hesabu ya tarehe, kabla hata andiko halijasomwa. Sharti linasema: katika miezi 36 kabla ya siku ya kufungwa, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi ya mwenyeji.

Chukulieni dada mmoja aliyefanya PhD ya kugawana kati ya Mwanza na Ghent, Ubelgiji. Alikaa Ghent kuanzia Januari 2024 hadi mwisho wa Februari 2025: miezi 14. Msimamizi wake wa Ghent anampenda, anajua kazi yake, anamwambia aombe Septemba 2026 arudi kwake. Haiwezekani. Ndani ya dirisha la miezi 36 ana miezi 14 Ubelgiji. Angeandika andiko zuri kuliko yote Ulaya, bado lingetupwa. Ana njia mbili. Aombe Septemba 2026 na mwenyeji wa Uholanzi au Ufaransa, yule wa Ghent akibaki mshirika. Au asubiri Septemba 2027: dirisha litakuwa limesogea, na Ubelgiji itabaki na kama miezi 5 na nusu tu. Kinachohesabiwa ni mahali ulipoishi. Pasipoti yako haihusiki. Wengi mliofanya PhD za aina hii, fungueni pasipoti leo jioni mhesabu mihuri.

Kuna saa ya pili, inayohesabu tangu ulipopata PhD. Marie Curie hutaka isizidi miaka 8. Ufadhili wa Humboldt wa Ujerumani kwa wazamivu wapya ni ndani ya miaka 4. Ule wa JSPS, shirika la kukuza sayansi la Japani, ni ndani ya miaka 6, na pale mwombaji anawasilishwa na mwenyeji wake aliyeko Japani, kwa hiyo usipokuwa na mtu huna pa kuanzia. Tatizo letu ni kwamba kati ya kutetea tasnifu na mahafali hupita miezi mingi. Omba chuo barua inayotaja tarehe uliyofaulu utetezi na tarehe ya kutunukiwa, zote mbili, kisha soma waraka wa ufadhili wa mwaka huo uone ni ipi inayohesabiwa. Waraka wa mwaka huo huo, tafadhali, masharti hubadilika. Na kuna sharti jingine: andiko la Marie Curie likipata alama chini ya kiwango kilichowekwa, huruhusiwi kulirudisha mwaka unaofuata na chuo kile kile. Kutuma andiko bovu "kwa kujaribu bahati" kunaweza kukufungia mlango.

Na ni nani kasema lazima uondoke? Hili nalisema kwa msisitizo, hasa kwa ndugu zangu wa afya. Mwaka 1991 ulianza hapa mkoani utafiti uliohusisha jamii 12 zilizopangwa kwa jozi: nusu ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya na zahanati, nusu zikasubiri. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa, uliowapa watu wengi dawa kwa pamoja, nao haukuona upungufu huo. Kwa nini? Hatua ya janga ilitofautiana, na namna ya kutibu ilitofautiana. Swali hilo lilijadiliwa na wanasayansi wa dunia, na leo NIMR Mwanza, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kitengo cha majaribio ya kitabibu cha MITU vinaendesha tafiti ambazo mzamivu wa Boston angezililia. Tuzo ya Wellcome, shirika la Uingereza, kwa watafiti wanaoanza inaweza kukaa kwenye taasisi ya Tanzania: kwa kawaida ni miaka 5, mshahara wako, na hadi pauni 400,000 za utafiti. Dada zangu wa sayansi, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lililoko Trieste, Italia, lina ufadhili wa hadi dola 50,000 kwa mwanamke mwenye PhD anayejenga kundi lake la utafiti nyumbani. Ni wangapi mmewahi kufungua ukurasa wao?

Ukienda nje na sampuli au data za hapa, vibali vitangulie. Tafiti za afya zinahitaji idhini ya maadili, sampuli zinahitaji mkataba wa kuzihamisha, na mwenzako mgeni anayekuja kufanya kazi huku anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ipangie miezi kadhaa ndani ya andiko. Andiko linalosema sampuli zitafika Uswisi mwezi wa kwanza linamwonesha mkaguzi kwamba hujawahi kusafirisha sampuli.

Wadhamini wako watatu wapewe wiki nne, pamoja na tangazo, wasifu, na nusu ukurasa wa mambo ambayo ungependa wayataje. Wazee wetu, naomba radhi, lakini barua ya mistari sita inayosema "ni mchapakazi na mwenye tabia njema" inamwangusha kijana. Taja alichokifanya: kipimo alichorekebisha, modeli aliyoijenga, sura aliyoiandika peke yake. Na itumwe kutoka anwani ya chuo, maana mifumo mingi haiamini anwani binafsi. Mtu akikuomba ada ili upate postidoki, huyo ni tapeli, usibishane naye.

Kwenye usaili wa mtandaoni utaulizwa miezi sita ya kwanza utafanya nini, na jambo gani lilikushinda kwenye PhD. La pili lijibu kwa kitaalamu: nini kiligoma, ulijuaje, ulibadilisha nini. Mtumie mwenyekiti wa usaili PDF yako mapema, na uwe na simu yenye bando pembeni. TANESCO hawajui ratiba yako.

Ukipata, soma mkataba. Mshahara na posho ya ufadhili ni vitu viwili: posho inaweza kuja bila bima wala pensheni. Kwa Uingereza, kuna ada ya afya inayolipwa mapema pamoja na viza: tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wawili, kwa miaka 2, ni pauni 7,244 kabla hamjapanda ndege. Uliza kwa maandishi kama chuo kitalipa, na kama ni ya familia nzima au yako peke yako. Uliza hilo baada ya kupewa nafasi na kabla ya kusaini. Huo ndio wakati pekee ambao wana sababu ya kukusikiliza.

Na mwajiri wako wa hapa? Muone mkuu wa idara mapema, siku unapoanza kuomba, ukiwa na karatasi moja: unaondoka lini, unarudi lini, nani atafundisha kozi zako, kifaa gani au ushirikiano gani utarudi nao. Ruhusa ya kuondoka, na hatima ya cheo na mshahara wako, iwe kwenye barua yenye muhuri. Mkuu wa idara akibadilishwa, ahadi ya mdomo huondoka naye, na mwenzetu anarudi akakuta dawati limekaliwa na jina limetolewa kwenye orodha ya mishahara.

Mwenyekiti, naomba tuingie kwenye maswali. Mlio na muhtasari wa utafiti kwenye kompyuta, ufungueni. Tutausoma mmoja hapa hapa na kutafuta sentensi zake tatu.